U Hiyo Si ya Ujerumani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyebisha hodi nyumbani kwetu Kiambere Desemba iliyopita, hata hivyo, nusura amwache mwenyeji wake na jina lililochafuka, na vijana wa mwenyeji wakiwa njiani kuelekea jela. Nakieleza kisa hicho hapa kwa sababu nina hakika hakikutukia kwetu pekee, na kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yake imo mikononi mwa walimu na wanafunzi.

Mgeni huyo alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Alikuwa amesikia kwamba baba yangu mdogo amelitunza sanduku la bati la marehemu babu, aliyekuwa askari wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia. Sanduku likafunguliwa. Ndani yake, chini ya koti zito lililoliwa na nondo, mlikuwa na ala ya bastola iliyofumwa kwa uzi mzito wa pamba, rangi ya kaki, yenye kishikizo cha shaba. Ilikuwa tupu. Mgeni aliigeuzageuza, akaisogeza penye mwanga wa mlangoni, akaona chapa ya wino iliyofifia: mshale mfupi ndani ya herufi U, na chini yake mwaka 1942. “Mzee,” akasema kwa bashasha, “hii ni mali ya Mjerumani. Tazama U hii. Ni U ya Ujerumani.”

Kisha akatoa barua iliyokwisha kupigwa chapa. Ilidai kwamba babu aliipokonya ala hiyo kutoka kwa ofisa wa jeshi la von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Mjerumani, na kwamba ukoo mzima ulikuwa shahidi. Baba mdogo alitakiwa kutia sahihi tu, na pesa zilizoahidiwa hazikuwa haba. Alichotaka kukinunua bwana yule, kwa hakika, kilikuwa sahihi ya mzee. Ala kama ile zipo nyingi duniani, lakini ala yenye barua ya ukoo wa Kiafrika unaoapa kuwa ni ya Mjerumani huuzwa kwa bei nyingine kabisa kwa wakusanyaji wa ng’ambo. Kabla ya kuondoka akawageukia vijana waliosimama kando, akawaambia kwamba atakayempatia bastola yenyewe, au nyingine yoyote ya zamani hizo, atalipwa mara kumi.

Baba mdogo si mtu wa kutia sahihi kwa pupa. Alimwomba mgeni arejee baada ya juma moja. Nami nilipowasili kupitia Kiritiri siku tatu baadaye, nilikuta mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, ameandika kurasa mbili za insha ya historia juu ya “ala ya Mjerumani”. Wenzake wawili walikuwa wameazima jembe na walikuwa wakiwadodosa wazee kuhusu mahali ambapo silaha zilizikwa miaka ya hamsini. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba insha yake imejengwa juu ya kosa, hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo kila mwalimu angependa kuulizwa: “Mjomba, ikiwa si ya Ujerumani, U hiyo ni ya nini?”

Mimi si mtaalamu wa silaha. Kazi yangu ni isimu, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi jinsi ya kuitafuta asili ya maneno. Hata hivyo kanuni ya kazi hiyo haitofautiani na kanuni ya kuitafuta asili ya bastola au ala yake: mfanano peke yake hauthibitishi nasaba.

Chukua neno bunduki. Tulilipata kutoka Kiarabu, ambako silaha hiyo huitwa bunduqiyya. Ajabu ni kwamba Waarabu huuita mji wa Venice kwa jina hilo hilo, al-Bunduqiyya. Basi wapo waliohitimisha kwamba bunduki ni “kitu kutoka Venice”. Hadithi hiyo ina utamu wake, kwani Venice ilikuwa mji wa wafanyabiashara hodari. Ushahidi, hata hivyo, unaelekea kwingine. Kabla ya silaha za baruti kuenea, Waarabu walikuwa na aina ya upinde uliorusha vidonge vya mviringo, na kidonge hicho kiliitwa bunduq, jina la kokwa ndogo ya mviringo. Kwa hiyo chombo kilipata jina lake kutokana na kile kilichorushwa. Mfanano na Venice unavutia, lakini historia ya matumizi ndiyo inayoamua.

Mfanyabiashara wetu alifanya kosa la aina hiyo hiyo, tena kubwa zaidi: aliisoma alama kwa lugha ambayo mpigaji wa alama hakuitumia. Mjerumani haiiti nchi yake Ujerumani. Huiita Deutschland. U ya Ujerumani ni kiambishi chetu sisi Waswahili, ndicho kile kile kilichomo katika Uingereza, Ufaransa, Uturuki na Uganda. Kwa mantiki ya bwana yule, ala ile ingeweza kuwa ya nchi yoyote kati ya hizo.

Mshale ndio uliopaswa kusomwa kwanza. Kwa karne nyingi Waingereza waliupiga mshale huo juu ya mali ya Serikali yao, kuanzia bunduki hadi mablanketi, ili mwizi asipate pa kujificha. Nchi za himaya yao ziliuchukua mshale huo na kuutia herufi zake. Ukiwa ndani ya C, ni Kanada. Ukiandamana na I, ni India. Ukiwa ndani ya U, ni Muungano wa Afrika Kusini ulioundwa mwaka 1910, kwa kuwa U ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya muungano. Mwaka 1942 chini ya mshale ukaifunga kesi. Von Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ala iliyotengenezwa miaka 24 baadaye haiwezi kuwa ilipokonywa jeshi lake, seuze na babu ambaye wakati huo hakuwa amezaliwa.

Hata bila chapa, kitambaa chenyewe kilikuwa kinasema. Jeshi la Kiingereza lilianza kutumia mwaka 1937 mfumo mpya wa mikanda na mifuko ya uzi wa pamba uliofumwa, wenye vishikizo vya shaba, na nchi za himaya zikautengeneza kwa vipimo hivyo hivyo. Ala za Kijerumani za vita vile vya kwanza zilikuwa kwa kawaida za ngozi nene iliyoshonwa, na mara nyingi ndani yake au mgongoni mligandamizwa jina la fundi, mji wake na mwaka. Anayeshika kitambaa na kukiita cha Mjerumani wa 1914 hajafika hata kwenye herufi.

Walimu wenzangu watatambua mara moja kwamba hapa pana somo zuri la darasani. Eneo hili la Embu na Meru lilitoa vijana walioingia Keya, na Keya ilipigana mbali sana. Iliingia Somalia na Ethiopia dhidi ya Waitalia mwaka 1941, ikapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 ikashuka Bonde la Kabaw huko Burma dhidi ya Wajapani. Masalio ya nchi hizo zote yanaweza kujitokeza katika sanduku la bati la hapa kwetu, na kila nchi ilihesabu miaka kwa namna yake.

Bastola ya Kiitalia aina ya Beretta ya 1934 hubavuni mwake ina jina la mtengenezaji, mji wa Gardone, na miaka miwili kwa pamoja: mmoja wa kawaida, na mwingine kwa namba za Kirumi. Namba hizo za Kirumi ni hesabu ya utawala wa Mussolini, ulioanza kuhesabiwa Oktoba 1922. Kwa hiyo 1941 huandamana na XIX. Mjapani naye aliandika miaka ya enzi ya mfalme wake. Bastola ya Nambu aina ya 14 yenye tarakimu 19.6 haikutengenezwa mwaka 1906 wala 1919. Jumlisha 19 na 1925, upate 1944, mwezi wa Juni. Hata hiyo “14” ya jina lake ni mwaka wa 14 wa enzi ya Taisho, yaani 1925. Bastola ya Luger ya jeshi la Ujerumani, aina ya 1908, mara nyingi ina mwaka juu ya chemba, na nyuma yake ama herufi DWM zilizosukwa pamoja ama jina la Erfurt chini ya taji. Ya Kiingereza iliyotoka kiwanda cha Enfield hubeba jina la kiwanda hicho, taji na mwaka. Mwanafunzi anaweza kuyafanya haya yote kwa picha, bila kuigusa silaha hata moja, na kwa kazi moja akawa amejifunza historia, hesabu na lugha.

Chapa nayo, hata hivyo, haistahili kuaminiwa kama Msahafu. Palipo na bei pana waghushi. Ala inayodaiwa kuwa ya 1915 lakini imeshonwa kwa uzi wa nailoni ni ama imetengenezwa upya ama imekarabatiwa, kwa maana nailoni haikuwako wakati huo. Chapa kali iliyopigwa juu ya ngozi iliyokwisha kuchakaa yafaa ishukiwe, kwani kwa kawaida chapa huchakaa pamoja na ngozi yake. Aidha, ngozi ina kumbukumbu. Ala iliyobeba bastola moja kwa miaka hubaki na umbo la bastola hiyo kwa ndani. Ukiletewa ala na bastola ukaambiwa ni ndugu wa tumbo moja, angalia kwanza kama umbo la ndani linakubali.

Baada ya kuyaeleza haya mbele ya familia, nilidhani nimemaliza. Baba mdogo akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Bastola katika jeshi lile kwa kawaida ilikuwa silaha ya maofisa, na askari wa kawaida alibeba bunduki. Babu hakumpokonya mtu yeyote kitu. Alikuwa mtumishi wa ofisa mmoja wa Kiingereza: alimpikia chai, alimpigia viatu rangi, alimfulia nguo. Waliporudi kutoka Burma, ofisa akairudisha bastola yake ya Serikali, akamwachia babu ala tupu. Mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba, babu aliogopa hata ala hiyo. Aliificha ndani ya mzinga wa nyuki usio na nyuki, juu ya mti, akaiacha huko hadi Uhuru. “Alitukataza kuwaambia watu kazi aliyoifanya vitani,” akasema baba mdogo. “Aliona haya.”

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ile barua ya uongo ilikaribia kutiwa sahihi. Fedha ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba uongo ule ulimpandisha babu cheo. Ulimfanya shujaa aliyempokonya Mzungu silaha, badala ya kijana wa Kiambere aliyempigia Mzungu viatu rangi. Ninaielewa aibu hiyo, lakini siikubali. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikwenda katika vita hivyo vikubwa viwili wakiwa wapishi, wapagazi, madereva na watumishi. Wapagazi wa vita vya kwanza wametuachia jina Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na leo tunalitamka sokoni pasipo kuwakumbuka. Tukimgeuza kila mtumishi kuwa mpokonyaji wa bastola, tunawazika watu hawa mara ya pili.

Yapo pia masalio yasiyo na chapa yoyote, na hayo ndiyo yanayohitaji macho makali zaidi. Wapiganaji wa Mau Mau walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango, vipande vya mbao na mipira ya magurudumu. Baadhi ya bunduki hizo leo zimo katika makumbusho ya London. Mkusanyaji anayetafuta jina la kiwanda atazipita kama vyuma chakavu. Kwetu sisi, kukosa chapa ndiko kunakozitambulisha. Hazikutoka kiwanda chochote cha himaya, na anayezisoma huisoma mikono ya wahunzi wa msituni.

Kuhusu bastola zilizozikwa, niliwaita wale vijana wenye jembe nikawakumbusha kisa cha Dedan Kimathi. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Shtaka lililompeleka kwenye kitanzi halikuwa la kuongoza vita. Lilikuwa la kupatikana na bastola ya .38 aina ya Webley, pamoja na risasi zake, bila kibali. Alihukumiwa kifo mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Bastola za Webley zilitoka Birmingham, na huko ndiko mkusanyaji angeandika kuwa ndiko asili yake. Mkenya anayeisoma bastola ile huona zaidi ya mji ilikotoka: huona sheria iliyokifanya chuma kile kuwa hukumu ya kifo. Sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 inamwonyesha ameshika silaha, na huenda wengi wanaopita hapo hawajui kwamba silaha ndiyo iliyokuwa hoja yote ya kesi yake.

Sheria za Hali ya Hatari zilikwisha, lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bado inamkataza raia kumiliki bunduki, bastola au risasi bila cheti. Uzee wa chuma haumkingi mtu na kesi. Risasi iliyokaa ardhini miaka 70 nayo haitabiriki, na mtoto anayeigonga kwa jiwe ili aione chapa yake anaweza kupoteza vidole au uhai. Anayegundua silaha asiiguse, asiisafishe, asiibebe. Na amwarifu chifu au polisi mara moja, mbele ya mashahidi. Kuifukua ili kumuuzia mgeni ni kujitafutia balaa kwa jembe lako mwenyewe.

Ala tupu, mkanda, kofia, barua na picha ni habari nyingine. Hivyo vinaweza kutunzwa nyumbani na shuleni. Lakini tusitegemee sheria ya turathi itutunzie. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inapoeleza kitu cha kale, kwa jumla huhesabu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Vita vya 1914, vya 1939 na vya 1952 vyote vimeanguka upande wa pili wa mstari huo, na masalio yake yanahitaji tangazo maalumu ili yalindwe. Ni jambo la kusikitisha kwamba karne iliyotuunda ndiyo iliyoachwa mlango wazi. Ningependa wabunge wetu wautazame upya mwaka huo. Wakati tukiwangoja, shule haina haja ya kungoja.

Rai yangu kwa walimu wa historia na wa Kiswahili ni nyepesi. Kila shule iwe na daftari moja. Mwanafunzi anayejua kitu cha vita kilichomo katika boma lao akichore au akipige picha, akinakili chapa zake zote jinsi zilivyo bila kuzifasiri, apime urefu na upana wake, ataje kitu hicho kimetengenezwa kwa nini. Katika ukurasa wa pili aandike anachosimulia mwenye nacho, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa idhini yake. Kurasa hizo mbili zisichanganywe. Ukurasa wa kwanza utasema kitu kilitengenezwa wapi na lini. Wa pili utasema kilifikaje hapa na kilimaanisha nini kwa waliokitunza. Penye mgongano baina ya kurasa hizo ndipo somo litakapoanza. Bei haina ukurasa.

Mpwa wangu aliichana insha yake ya kwanza, akaandika nyingine. Imeeleza habari za mshale, Afrika Kusini na mwaka 1942, kisha za kijana aliyempigia ofisa viatu rangi na mzinga usiokuwa na nyuki. Baba mdogo alisomewa yote, akaomba neno moja tu libadilishwe: palipoandikwa “mtumishi”, paandikwe “askari mtumishi”. Tukakubaliana naye, maana ndivyo ilivyokuwa. Nakala yake imekunjwa ndani ya ala, na ala imerudi sandukuni.

Yule mfanyabiashara alipiga simu juma lilipotimia. Baba mdogo alimwambia kwamba yuko radhi kutia sahihi, mradi barua iseme Afrika Kusini, 1942, zawadi ya ofisa. Simu ikakatwa, na mgeni hajaonekana Kiambere tangu siku hiyo.